Nyama Waliyokula Kabla ya Maneno

Nilikwenda kumzika Jilala kwa sababu moja tu: nilitaka kuhakikisha. Watu wa umri wangu tumezoea kusema tunakwenda msibani kuwafariji wafiwa, na mara nyingi ni kweli, lakini asubuhi ile nilipopanda bodaboda pale Bariadi mjini, na mfuko wa mchele wa rambirambi mapajani, sikuwa na faraja ya mtu yeyote moyoni. Nilitaka kuona jeneza likishuka na udongo ukifuata. Dereva aliniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikamwambia hapana, ni mzee mmoja aliyewahi kula maksai wetu. Akacheka akidhani natania. Sikumsahihisha, kwa sababu barabara ya Nkololo wakati wa kiangazi ukifungua mdomo sana unameza vumbi.

Msiba ulikuwa mkubwa. Maturubai, viti vya plastiki, kipaza sauti, na sufuria za pilau zimepangwa nyuma ya nyumba ambako sisi wanawake tulikaa. Mwanawe mkubwa, Masunga, ambaye ni afisa mjini, alisimama na suti yake nyeusi akasoma wasifu wa baba yake. Akasema marehemu alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, aliyesifika Usukuma mzima. Akasema ndiye aliyetunga wimbo wa palizi uliowaita wananchi kwenye mikutano ya kudai Uhuru, wakati mikutano ilipokuwa imekatazwa kwetu. Akasema kwa ajili ya wimbo huo alifungiwa ndani ya ghala la pamba, akatoka na kikohozi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nachambua mchele, na vidole vyangu vikasimama. Kila alichokisoma kijana yule kilikuwa cha kweli. Wimbo ulikuwepo, ghala lilikuwepo, kikohozi kilikuwepo. Ila hakuna hata kimoja kilichokuwa cha baba yake. Hata kikohozi alikiiba.

Vyote hivyo vilikuwa vya shangazi yangu Milembe, dada wa baba, ambaye Kisukuma tunamwita sengi. Niliishi kwake mwaka mmoja nilipomaliza darasa la saba, mwaka ule nchi ilipokuwa inajiandaa kusherehekea miaka ishirini ya Uhuru, na mkoa wetu wakati huo ulikuwa bado Shinyanga. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimezaa, nimezika, nimeshona nguo za watu hadi macho yamechoka, lakini ukiniuliza nilipata wapi hasira yangu, nitakupeleka kwenye kile chumba. Kilikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo, kimeezekwa nyasi, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi. Kona moja kulikuwa na kihenge cha mtama, kona nyingine magunia ya pamba iliyosubiri kupelekwa sokoni, na mimi nililala juu ya magunia hayo. Hakuna godoro nimelipata baadaye lililoshinda lile. Sengi hakulala huko. Alitandika ngozi yake mbali, karibu na mlango, na kila nilipokuta vumbi la pamba limenijaa nywele yeye alikuwa anakohoa. Nilidhani ni uzee. Sasa nikihesabu, alikuwa mdogo kuliko nilivyo leo.

Hakunieleza habari zake yeye mwenyewe. Nilizipata kwa kusikiliza yasiyonihusu. Alikuwa na shoga yake, Ngolo, jirani waliyepalilia naye pamba tangu ujana, na mchana jua likiwa kali walikaa wawili mlangoni wakibangua karanga, katikati yao sahani ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, wakidhani kwamba msichana anayekoroga ugali hana masikio. Hapo ndipo nilipojua. Enzi za mkoloni wanawake wa pale walikuwa na kikundi cha palizi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Jua likishuka waliimba wimbo wa kufunga kazi, na ubeti wa mwisho ulitaja shamba la kesho, ili asiwepo wa kusema hakujua. Ndivyo vikundi vyote vilivyofanya. Sengi alipoombwa na watu wa chama namna ya kuwaita wanaume mkutanoni bila barua na bila mjumbe, akatunga wimbo mpya wa kufunga kazi, akawa yeye ndiye anayechagua shamba la kesho. Mwanaume aliyepita njiani na ng'ombe wake akisikia jina la shamba alijua wapi pa kwenda. Askari walipita hapohapo, wakasikia hayohayo, wakaona wanawake wenye majembe.

"Wewe ulitaja shamba la Maduhu, nikajua leo tumekwisha," Ngolo alikuwa anasema, anacheka. "Maduhu mwenyewe mwoga."

"Maduhu alikuwa mwoga, lakini alipika uji wa watu wote," Sengi akajibu. "Waoga wa namna hiyo nawataka."

Kisha Ngolo akasema kwa sauti ya chini, "Ghalani ungetutaja tungekufa wote." Sengi alirusha karanga mdomoni. Nilielewa baadaye kwamba mwanangwa, yaani jumbe wa mtemi, alipong'amua mchezo ule alimfungia katika ghala lake la pamba wakati wa joto ili amtaje aliyemtuma. Hakumtaja mtu. Walipomfungulia alikuwa mweupe kwa nyuzi za pamba kuanzia kope hadi kucha, na kifua chake hakikupona tena. Jilala wakati huo alikuwa kijana wa kuchunga. Aliusikia wimbo njiani kama kila mtu. Uhuru ulipokuja alianzisha ngoma yake, akaupigia wimbo ule ngoma kubwa, na watu wakaupenda. Sengi alimwachia. Alisema wimbo ukishatoka mdomoni haurudi, basi nao utembee.

Ningemsamehe Jilala kwa hilo. Kweli, ningemsamehe. Lakini mwaka ule wakaja wageni kutoka mkoani, mabwana wa utamaduni, na mashine ya kurekodi, wakitafuta wazee waliotoa mchango katika kudai Uhuru ili sauti zao zihifadhiwe. Walipewa viti uwanjani shuleni. Wanaume wakaketi mbele, wanawake tukasimama nyuma, kwani tulikuwa tumeitwa kuleta maji. Jilala alikuwa na umbo, sikatai, na sauti ya kujaza uwanja. Aliimba, na watu wakaitikia. Mgeni akamuuliza wimbo ni wa nani, akajibu kwamba ni wake. Mgeni akamuuliza kama aliteswa. Hapo Jilala akainamisha kichwa, akasema alifungiwa katika ghala la pamba, na akakohoa. Alikohoa mbele ya shangazi yangu.

Sengi akatua mtungi chini. "Jilala," akasema, bila kupaza sauti, "mlango wa lile ghala ulikuwa upande gani?"

Uwanja mzima ukageuka. Jilala alifungua mdomo, na niliona kwa macho yangu kwamba hajui. Mgeni naye aliona. Lakini Jilala alikuwa manju, na manju hakosi neno. Akawachekea wageni wake kwa upole. "Msijali, mabwana. Kwetu hapa mwanamke huitikia, haanzishi wimbo." Wanaume wakaangua kicheko. Yule bwana mwenye mashine akairudisha kanda nyuma hadi penye kikohozi, akaizima hadi pale Sengi alipookota mtungi wake na kuondoka. Halafu akaiwasha tena. Kwa hiyo huko ilikohifadhiwa, kama ilihifadhiwa, swali la shangazi yangu halimo. Kikohozi cha Jilala kimo.

Wiki ileile likaitishwa baraza la wanaume, ambalo sisi tunaliita dagashida, na mwenyekiti wake alikuwa nani kama si Jilala mwenyewe. Walikaa ndani ya zizi lake. Mwanamke haruhusiwi kuingia, hata kama kesi ni yake, basi Sengi akasimama nje ya uzio wa miiba, nami kando yake, tukawasikiliza wakimhukumu. Kosa lake: kumwaibisha mzee mbele ya wageni wa serikali. Hakuna aliyegusa habari ya wimbo. Mzee Maduhu, yuleyule wa uji, alianza kusema, "Lakini jamani, sisi wengine tunakumbuka," wenzake wakamkoholea hadi akakaa. Hukumu ilikuwa kutengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji pamoja na wengine, asisaidiwe shambani, mpaka atakapotoa ng'ombe wa faini, ambayo kwetu ni mchenya, na kutubu. Atakayemsalimia naye atatozwa.

Baba alituma ujumbe nirudi nyumbani. Nikakataa. Sijui nilipata wapi kiburi kile, lakini nilijua nikiondoka atakula peke yake, na kula peke yako kwa Msukuma ni nusu ya kufa. Tulikula wawili, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, siku baada ya siku, na mlango wazi, kwa sababu Sengi alikataa kuufunga. "Wakipita waone tunakula," alisema. Kisimani tulisubiri wote waondoke. Moto wetu tuliufunika majivu usizime, maana ukizima hakuna wa kutupa kaa. Jambo lililonichekesha wakati ule, na leo linaniliza kidogo, ni wale wanawake. Walikatazwa kumsalimia Sengi, lakini baraza halikusema lolote kuhusu mbuzi wake. Ngolo alikuwa anasimama uchochoroni anamsalimia mbuzi kama mama wa watu, "Mwadila, mayu. Umeshindaje? Kifua kinaendeleaje? Mwambie mwenye nyumba nimeacha maboga nyuma ya jiko." Na Sengi ndani anamjibu mbuzi huyohuyo, "Mwadila. Mwambie huyo anayesema nawe kwamba kifua ni kilekile, na maboga asilete madogo." Mbuzi yule alisalimiwa kijiji kizima. Alinenepa kwa heshima.

Mimi sikutaka salamu, nilitaka moto. Nilimwambia Sengi kwamba pamba ya Jilala imekauka vizuri, na kiberiti kimoja kinatosha. Nilisema kwa dhati. "Pamba ina kosa gani, Kabula? Imelimwa na wake zake. Ukiichoma, yeye atanunuliwa soda na kupewa pole, wao watalia." Kisha akaongeza neno ambalo nimelitumia maishani kuliko maandiko: "Kisasi kina msimu wake, kama mbegu. Wewe unataka kupanda juani."

Msimu ulikuja kwa njia ya njaa. Mvua ya mwaka ule ilikuwa mbaya, mahindi yakabaki mabua, na kwa miezi hakuna aliyechinja. Ndipo Sengi akapeleka ujumbe kwamba yuko tayari kutoa mchenya na kutubu. Nililia kwa hasira. Alikuwa na maksai mmoja tu, mweusi mwenye mgongo mweupe, na ndiye aliyetulimia. Nikamwambia afadhali tutengwe hadi kufa kuliko Jilala kumla yule. "Nitalima kwa jembe la mkono," akasema. "Nyamaza, ukasage mtama." Nilimwona mwoga. Nilimdharau siku ile yote, na nilisaga kwa nguvu mpaka viganja vikachubuka.

Vijana wa baraza walikuja alfajiri kuchinja. Wanaume walifika jua likiwa limepanda, wakakaa uwanjani kwetu duara zima, na upepo ulikuwa unatoka jikoni kwenda kwao. Sijasahau nyuso zile. Wazee wenye heshima zao wakimeza mate. Sasa, utaratibu wa kwetu ulikuwa hivi: mwenye kosa husema kwanza maneno yake ya toba, na kila sentensi baraza humjibu kwa pamoja, "Yashila," yaani imekwisha, imepita. Kama maneno hayaridhishi, wazee husimama wakaondoka na nyama ikalala. Lakini aliyekwisha kula mchenya hawezi tena kuyakataa maneno, wala kuacha kuyajibu, kwa kuwa ameshapokea. Ndiyo maana maneno hutangulia. Kila mtoto aliyekulia kwetu anajua hilo.

Sengi akatoka jikoni amepiga magoti, bakuli mikononi. "Baba zangu, mmetembea juani, na mwaka ni mbaya," akasema kwa sauti ya unyonge ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nyama inapoa, maneno hayapoi. Kuleni kwanza."

Wakatazamana. Ilitosha mmoja aseme hapana. Mzee Maduhu alitazama bakuli, akamtazama Sengi, na nadhani yeye peke yake aliona, kwa sababu alitabasamu kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Jilala kama mwenyekiti alipewa nundu. Aliila kwa macho yaliyofumba, mafuta yakimshuka kidevuni, na mimi nilisimama pale na maji ya kunawa nikimwombea akabwe. Walikula hadi mifupa ikalia. Ndipo Sengi alipoinuka kutoka magotini, akasimama wima, na sauti yake ikarudi.

"Nimekosa," akasema. "Nilitunga wimbo wa palizi kuwaitia mkutano."

"Yashila," wakajibu wote, kwa mazoea, wakijilamba vidole.

"Nimekosa. Nilichagua shamba la Maduhu nikawalisha uji wake, nanyi mkakaa mkapanga Uhuru."

"Yashila." Baadhi ya sauti zilipungua. Ya Maduhu iliongezeka.

"Nimekosa. Mwanangwa aliponifungia ghalani, mlango wa upande wa machweo, sikumtaja hata mmoja wenu. Na Jilala usiku ule alilala kwa mama yake."

Jilala alikuwa bado na mfupa mkononi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na hakuna aliyeweza kukataa. Nje ya uzio wa uwanja wetu wanawake walikuwa wamejaa, Ngolo mbele yao, na hakuna aliyewaita. "Nangoja, baba zangu," Sengi akasema. "Au nyama ilikuwa na chumvi kidogo?"

"Yashila," akasema Maduhu, na wengine wakafuata, na mwisho kabisa, kwa kuwa wote walimgeukia, akasema Jilala. Nilimsikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetapika.

"Nimekosa pia kusimama nje ya miiba mlipokuwa mnanihukumu. Kosa hilo sitarudia. Baraza likikaa tena, nitakaa ndani."

Walikwisha kujibu kabla hawajaelewa. Baraza lililofuata Sengi alibeba kigoda chake, akaingia zizini, akaketi, na Ngolo nyuma yake, na wanne wengine nyuma ya Ngolo. Jilala aliwatazama, akafungua kikao. Angefanya nini? Alikuwa amekula nundu.

Lakini nchi haikuwepo uwanjani kwetu siku ile. Kijiji kilijua, basi. Redio ilipiga wimbo ule kila sherehe za Uhuru zilipokaribia, na ilimtaja Jilala. Alialikwa majukwaani, akavishwa kofia, akazeeka akiwa mwasisi. Sengi alikufa na kifua chake mwaka ambao sherehe zilifanyika karibu nasi, na alipokuwa kitandani tulikuwa tunausikia wimbo wake kutoka redio ya jirani. Aliniambia nizibe dirisha. Mtu aliyekataa kufunga mlango akiwa ametengwa aliniambia nizibe dirisha. Wanaoniuliza kwa nini sisahau nawaambia waje wanipe sababu nyingine ya kuishi na kichwa kizima.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo mapajani pamoja na mchele, pale Masunga alipokunja wasifu wake. Msemaji wa familia akachukua kipaza sauti, akauliza lile swali linaloulizwa kila msiba kabla ya kuzika, na ambalo watu huwa hawalijibu: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze.

Nikasimama. Nikatoka kwenye sufuria nikaenda hadi mbele, na watu wakanipisha kwa kuwa walidhani ninakwenda kulia.

"Mimi namdai," nikasema.

Msemaji akanisogezea kipaza sauti kwa wasiwasi. "Unamdai nini, mayu?"

"Wimbo. Na ghala. Na kikohozi."

Masunga alinifikia haraka, akanishika kiwiko kwa adabu. Hana ubaya, kijana yule; mambo ya kijiji aliyasikia kama wote, ila alipewa urithi bila kuuliza ulikotoka. "Mayu Kabula," akanong'ona, "madai tunayamalizia ndani. Familia ipo. Tutakusikiliza."

"Hakuvichukua ndani, mwanangu," nikamwambia, na kipaza sauti kikalisema hilo kwa kila mtu. "Alivichukua uwanjani, mbele ya watu."

Alitazama wajomba zake. Wajomba walitazama chini, na mmoja wao, mzee sana, mwenye fimbo, aliyekuwepo siku ya maksai, akampungia mkono kwamba aseme. Masunga akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba wimbo wa palizi ulitungwa na mama mmoja wa hapa.

"Ana jina," nikasema.

"Na Milembe," akasema. "Milembe ndiye aliyeutunga. Na ndiye aliyefungiwa ghalani." Aliposema hilo jasho lilikuwa linamtoka, na akaongeza bila kuombwa, "Si baba." Kisha akanigeukia akiwa amechoka kama aliyebeba gunia. "Umeridhika sasa, mayu? Tunaweza kuzika?"

"Bado," nikamwambia. "Palizi haikuwa ya mtu mmoja."

Nikakipokea kipaza sauti mkononi mwake. Nikaanza na Ngolo, nikamtaja na baba yake na shamba lake, kisha Minza, kisha Kwandu aliyekuwa na mimba wakati ule, kisha Holo, nikaendelea kumtaja kila mmoja polepole, na jeneza likakaa juani mpaka nilipomaliza.